Mnyonya-damu, Mnyonyaji, Mumiani: Kumfasiri Lestat

Miongoni mwa maswali yawatatizayo wafasiri wa hadithi za kigeni limo moja ambalo, likitazamwa juu juu, huonekana la mchezo: yule kiumbe wa hadithi za Ulaya, mfu atokaye kaburini usiku kunyonya damu ya walio hai, tumwite nani kwa Kiswahili? Wako wasemao mumiani. Wako wasemao mnyonyaji. Wengine huliokota neno la Kiingereza, wakalivika sauti zetu, wakaandika vampaya na kuendelea na kazi. Sisi twaona kwamba swali hili si la mchezo hata kidogo. Kila jina katika hayo lina historia yake, na mfasiri alichukuapo jina hana budi kuichukua na historia hiyo.

Ili mjadala usielee hewani, tumemchagua kiumbe mmoja wa kupimia. Huyo ni Lestat de Lioncourt, aliyebuniwa na Anne Rice (1941–2021), mwandishi wa Marekani mzaliwa wa New Orleans. Lestat alitokea kwanza katika riwaya Interview with the Vampire (1976), akasimulia habari zake mwenyewe katika The Vampire Lestat (1985), akaendelea katika vitabu kadhaa mpaka Blood Communion (2018). Alionyeshwa katika filamu mwaka 1994 na katika mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 2022. Anatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yamepita katika karne nne, naye amekuwa mwana wa kabaila, mwigizaji, tajiri, mwanamuziki na mtawala. Istilahi isiyotosha itapasuka mahali fulani njiani. Pili, anasema kwa kinywa chake mwenyewe. Jina tutakalompa halina budi kuweza kukaa baada ya maneno "mimi ni".

Maneno tuliyo nayo

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba hata huko Ulaya jina hili halikuwa la bwana mtanashati. Neno lenyewe ni la Waslavi. Lilienea katika lugha za magharibi hasa katika miaka ya 1730, baada ya taarifa za madaktari wa jeshi la Austria kutoka Serbia, ambako maiti za wanakijiji zilikuwa zikifukuliwa kwa kushukiwa kuwa zinawaua majirani. Aliyeitwa kwa jina hilo alikuwa maiti ya mtu wa kawaida, iliyovimba na kuwa nyekundu. Ni waandishi waliompandisha cheo: Polidori alimfanya lodi mwaka 1819, na Bram Stoker akamfanya bwana wa ngome mwaka 1897. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba neno la kigeni ndilo lenye maana moja iliyo imara. Maana yake imehamahama kama maana za maneno mengine.

Sasa tuje kwetu. Mumiani ni neno lililotujia kutoka Uajemi, nalo lina shina moja na jina ambalo Wazungu huziita maiti za Misri zilizokaushwa. Mwanzoni lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami, iliyotumika kwa mifupa iliyovunjika. Watu wa pwani walishuku kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Na kutoka kwenye dawa jina likahamia kwa mtu aviziaye wenzake ili apate damu hiyo. Wakati wa ukoloni uvumi wa namna hii ulienea sana. Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walitajwa banyama. Mwanahistoria Luise White alikusanya habari hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, naye kwa Kiingereza akawaita wote kwa jina lile lile la kiumbe wa Ulaya. Twaelewa kwa nini alifanya hivyo, maana alitaka wasomaji wake washtuke. Lakini mfasiri wa Kiswahili hawezi kuirudia njia hiyo kinyumenyume bila kupotea.

Kwani mumiani ni nani? Si mfu aliyefufuka, wala hana meno ya kuuma. Ni mtu aliye hai, mara nyingi mwenye ajira, mwenye gari na vyombo vya kukingia damu. Tena hanywi. Damu aichukuayo ni ya kuuzwa au ya kupelekwa kwa mkubwa wake. Hofu ya mumiani ni hofu ya serikali isiyoeleweka, ya hospitali na ya mshahara wa siri. Lestat haajiriwi na mtu, na damu aichukuayo huinywa mwenyewe. Kumwita mumiani ni kumpa kazi ambayo hakuiomba.

Iko sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Jina hili hubandikwa kwa watu walio hai, na mtu aliyebandikwa huweza kuuawa. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uliwafanya watu waunde makundi ya kuwasaka wageni. Watu wasio na hatia waliuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya mbili. Magazeti ya ng'ambo yaliliandika jambo hilo kwa neno lile lile la riwaya na filamu, na msomaji wa mbali akapata kicheko mahali palipokuwa na msiba. Neno ambalo bado laweza kumtoa mtu roho lisifanywe vazi la maigizo.

Maneno mengine twaweza kuyapita upesi. Msukule ni kinyume kabisa cha tunayemtafuta: ni mtu aliyedhaniwa kufa, akafichwa na wachawi, akafanyishwa kazi bila hiari wala sauti. Lestat ni hiari na sauti tupu. Popobawa, aliyewatia watu hofu Pemba na Unguja mwaka 1995, ana jina la popo lakini si mnywa damu. Jini na pepo ni viumbe wasio binadamu tangu asili yao, hali Lestat alizaliwa na mwanamke na hasahau jambo hilo hata siku moja.

Limebaki mnyonyaji. Neno hili halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyesoma Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kitenzi kilichokuwa cha mtoto na maziwa ya mama kilipewa kazi ya kumtaja mtu aishiye kwa jasho la wengine, na pamoja nacho zikaja kupe na mirija. Wala si sisi peke yetu tulioiona picha hiyo. Voltaire, katika karne ile ile aliyozaliwa Lestat, aliandika kwamba wanyonya damu wa kweli ni wafanya biashara na watoza fedha wainyonyao damu ya watu mchana kweupe. Na Karl Marx mwaka 1867 aliufananisha mtaji na kiumbe huyo huyo aishiye kwa kunyonya kazi iliyo hai. Tofauti ni kwamba kwao picha hiyo ilibaki ya waandishi, na kwetu ikawa neno la kila siku, la mkutanoni, la darasani na la gazetini. Twaona ni neno la kulindwa. Likigeuka kuwa jina la kiumbe wa sinema, siku litakapotumika kwa mwenye kuwadhulumu wakulima, wasikilizaji watacheka.

Tumpitishe Lestat mwenyewe

Kwa mujibu wa riwaya, Lestat alizaliwa mwaka 1760 katika jimbo la Auvergne, Ufaransa, mwana wa saba wa kabaila aliyefilisika na kupofuka. Mara mbili alijaribu kujitoa katika nyumba ile: mara ya kwanza alitaka kuwa mtawa, mara ya pili akafuatana na kundi la waigizaji. Mara zote mbili alirudishwa. Katika majira ya baridi aliua mbwa mwitu wanane peke yake, kisha akakimbilia Paris pamoja na rafiki yake mpiga fidla, akawa mwigizaji katika ukumbi mdogo. Hapo ndipo alipoonwa na Magnus, mnyonya-damu mzee. Magnus alimteka, akamgeuza kwa nguvu, akamrithisha mali, kisha akajitupa motoni usiku ule ule. Lestat akaachwa na uhai asiouomba na bila mwalimu.

Tangu hapo sifa yake ni kuvunja amri. Chini ya makaburi ya Paris aliwakuta wenzake wakiishi kwa sheria za kale: wasikanyage makanisa, wasichanganyike na walio hai. Aliwacheka, akauvunja mji wao, akawapa ukumbi wa maigizo wajionyeshe mbele ya watu. Marius, aliyeishi tangu zama za Warumi, alimfunulia siri za asili yao na kumtaka azifiche. Mwaka 1985 Lestat alizitangaza zote kwa kitabu na kwa nyimbo, akiwa mwimbaji wa bendi, baada ya kulala ardhini tangu mwaka 1929. Kelele zake zilimwamsha malkia wa kwanza wa ukoo wao, na malkia huyo akaua wengi kabla ya kuangamizwa.

Msomaji wa Kiingereza humpenda kwa ushujaa huo, nasi hatumnyimi haki yake. Rice alifanya jambo lisilo dogo. Katika kitabu cha kwanza Lestat twamjua kwa maneno ya Louis, mwenzake aliyemchukia, naye aonekana mlafi na mkatili. Katika cha pili mshtakiwa apewa nafasi ya kujitetea, na sauti yake ni ya mtu mchangamfu asiyejihurumia, mwenye kuona aibu pale tusipotazamia na kiburi pale tusipopenda. Mfasiri atakayeipoteza sauti hiyo atakuwa amekipoteza kitabu.

Lakini tumtazame Lestat katika mwaka 1791, maana hapo ndipo istilahi yetu ipimwapo. Mwaka huo alimgeuza Louis de Pointe du Lac, mwenye shamba na watumwa karibu na New Orleans, akahamia kwake pamoja na baba yake kipofu. Baba huyo alikuwa amekimbia mapinduzi ya Ufaransa, ambamo wanawe wengine waliuawa. Mabwana wawili wakaishi katika nyumba kubwa, na watumwa walikuwa miongoni mwa waliouawa kwa damu yao. Ni watumwa hao waliowatambua mapema kuliko jirani yeyote. Louis husikitika mno kwa kuua watu, hata akajizuia kwa muda kwa damu ya wanyama. Kwa kumiliki watu hasikitiki kwa kadiri hiyo. Riwaya ya Kiingereza hulipita jambo hili bila kusimama, kwa kuwa katika Kiingereza aliyaye damu ana jina lake na aliyaye jasho ana jina lake, wala majina hayo hayajuani. Katika Kiswahili ni kitenzi kimoja. Msomaji wetu akikutana na mnyonya-damu mwenye shamba la watumwa, atasikia kitenzi kile kile kikimwita mara mbili. Kwa mara hii tafsiri yaweza kusema wazi jambo ambalo maandishi ya asili yalilinong'ona.

Waliotengeneza mfululizo wa televisheni walimbadilisha Louis, wakamfanya mtu mweusi wa New Orleans ya mwanzoni mwa karne ya 20. Ni uamuzi wenye manufaa yake, lakini kwa uamuzi huo shamba la watumwa lilitoka mbele ya macho. Mfasiri wa kitabu hana ruhusa hiyo. Naye akitumia vampaya atakuwa ameukata uzi huo kwa mkasi wake mwenyewe, kwani neno hilo katika masikio yetu halina jamaa hata mmoja.

Mwasi au mtukutu?

Maelezo ya wachapishaji na ya wapenzi wake humwita Lestat kwa neno ambalo kwa haraka tungelifasiri mwasi. Hapa twaomba wafasiri wasite. Kuasi kwetu ni neno zito. Mtu huasi Mungu, huasi wazazi, huasi dola. Nasi tumekwisha kujifunza kwamba lina upande: wakoloni waliandika habari za uasi wa Majimaji, na sisi baadaye tukasema Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kwa kuwa hatukukubali kwamba utawala ule ulistahili kutiiwa. Ikiwa tumelipima neno hili kwa uangalifu kwa ajili ya mashujaa, tusilitoe bure kwa kijana wa kabaila.

Lestat ameasi nini? Amezivunja adabu za wenzake: wasijionyeshe, wasiseme, wasiingie hapa, wasitoke pale. Amri ile moja iliyo mama wa zote, kwamba aishi kwa damu ya wengine, hakuivunja. Hujitetea kwamba huwachagua waovu. Lakini mwenye kuchagua ni yeye, mwenye kuhukumu ni yeye, na mwenye kushiba ni yeye. Katika karne aliyozaliwa waasi walikuwapo. Wakulima wa Ufaransa waliokwenda kwenye majumba ya makabaila mwaka 1789 walikuwa waasi. Watumwa wa Saint-Domingue waliosimama Agosti 1791, mwaka ule ule Louis alipogeuzwa, na waliopata nchi yao ya Haiti mwaka 1804, walikuwa waasi. Lestat wakati huo alikuwa upande wa nyumba kubwa.

Tena mwisho wa safari yake wathibitisha. Katika vitabu vya mwisho, kuanzia Prince Lestat cha mwaka 2014, huyu mvunja amri afanywa mkuu wa wanyonya-damu wote, naye aijenga upya ngome ya baba yake kule Auvergne, akaifanya baraza lake. Aliyetoroka nyumba ya kabaila amerudi kukaa katika kiti cha kabaila. Hatusemi kwamba mwandishi amekosea. Huenda hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote aliyoyaandika juu yake. Twasema tu kwamba jina la mwasi halimkai. Wenzake ndani ya vitabu wamempa jina linalomfaa zaidi, ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema Mwanamfalme Mtukutu. Mtukutu huvunja vyombo, hukesha, huwatia wakubwa wasiwasi, na mwisho hupendwa. Lakini urithi hauachi. Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Mfasiri na ampende Lestat akitaka, ila chongo alitaje kwa jina lake.

Kipawa, mgeuzi na mgeuzwa

Yabaki maneno mawili matatu ya ndani ya hadithi. Kitendo cha kumfanya mtu awe mnyonya-damu chaitwa katika vitabu hivi kwa jina lenye kejeli, ambalo wengi wangelifasiri Zawadi ya Giza. Zawadi hupokewa kwa mikono miwili, na anayepewa aweza kushukuru au kukataa. Magnus hakumwachia Lestat nafasi hiyo. Twapendekeza Kipawa cha Giza. Kipawa kimetokana na kupawa, na ndani ya umbo hilo la kutendwa mpokeaji hana kauli. Jambo hili si dogo, kwa kuwa katika The Tale of the Body Thief (1992) Lestat anamgeuza rafiki yake David Talbot kwa nguvu, hali David alikuwa amekwisha kumkatalia. Aliyotendwa ameyatenda. Neno kipawa litaibeba mara zote mbili. Neno zawadi litaificha ya pili.

Mwenye kugeuza wengine asiitwe muumba, kwani jina hilo katika lugha yetu lina Mwenyewe, wala asiitwe mzazi. Lestat alimgeuza mama yake, Gabrielle, alipokuwa karibu kufa, naye toka siku ile akaacha kuwa mama: alivaa nguo za kiume, akamwacha mwanawe, akaenda kuishi porini. Tukimwita Lestat mzazi wa mama yake tutamchanganya msomaji bila faida. Mgeuzi na mgeuzwa yatosha, na maneno hayo mawili yafuata kanuni za kawaida za ngeli.

Mapendekezo

Huenda msomaji akauliza: kwa riwaya za kujifurahisha, ya nini taabu yote hii? Twajibu kwamba riwaya za kujifurahisha ndizo zisomwazo na wengi, na neno lisomwalo na wengi ndilo lidumulo. Vijana watamjua Lestat kabla ya kuijua historia ya neno unyonyaji, na wengine watamjua yeye tu. Kwa hiyo twayaleta haya mbele ya wafasiri na walimu:

Mnyonya-damu, wingi wanyonya-damu: kiumbe wa hadithi aliyekuwa binadamu, asiyezeeka, aishiye kwa damu ya walio hai. Kistari kibaki, ili neno lisomwe kuwa moja.

Mnyonyaji: libaki kwa mtu aishiye kwa jasho la wengine, wala lisitumiwe kwa kiumbe wa hadithi. Udugu wake na neno la kwanza usikike, ila yasichanganywe.

Mumiani: litumike katika historia na katika habari za uvumi tu, daima pamoja na maelezo.

Popo mnyonya-damu: litumike katika masomo ya sayansi kwa popo wale wa Amerika wanywao damu ya wanyama, ambao Wazungu waliwapa jina kutokana na hadithi.

Vampaya: lisitumike katika maandishi sanifu, isipokuwa katika mazungumzo ya wahusika ambao ndivyo wangesema.

Kipawa cha Giza, mgeuzi, mgeuzwa, Mwanamfalme Mtukutu: kama yalivyoelezwa hapo juu.

Tumeyajaribu maneno haya kwa kipimo tulichokitaja mwanzo. "Mimi ni vampaya" ni kauli ya kijana aliyetoka kutazama filamu. "Mimi ni mumiani" yaweza kumletea mtu mawe. "Mimi ni mnyonya-damu" ni ungamo, na msemaji hawezi kulitamka bila kusikia ndani yake kitenzi ambacho nchi nzima ilikitumia kupimia haki. Lestat, kwa ufasaha wake wote, amejitahidi katika kurasa maelfu kulifanya jina lake liwe tamu. Katika Kiswahili itambidi ajitahidi zaidi, nasi twaona hivyo ndivyo ipasavyo. Wasomaji walio na maoni tofauti, hasa waliokwisha kufasiri hadithi za namna hii, twawaomba watuletee hoja zao pamoja na mifano.